Simu ya Mfiwa

Kwa miaka kadhaa, Haika hakuwahi kuishika simu ya mume wake. Si kwamba Godlisten alikuwa na mwanamke mahali. Hilo angalau lingeeleweka. Ni kwamba simu ile haikumtoka mkononi. Alikula ikiwa kando ya sahani. Alioga ikiwa juu ya sinki. Alilala nayo chini ya kiganja, kama mtu aliyekamata kifaranga na anaogopa kitamponyoka. Lorraine, binti yao anayekaribia miaka minne, akitaka kuangalia katuni aliambiwa akachukue simu ya mama. Na ikilia, mlio wa kwanza haujaisha, Godlisten ameshaitikia.

"Huyu Mchaga wako ana duka ndani ya hiyo simu," Restuta alimtania Haika siku moja wakimenya ndizi jikoni. Restuta ni Mhaya, alikaa ghorofa ya juu yao pale Tottenham, London, na wote wawili walifanya kazi kwenye kampuni moja ya kutunza wazee majumbani. "Akiiacha kidogo tu, wateja watakimbia."

"Nyie Wahaya mngekuwa nayo mngeiongelesha Kiingereza."

"Tungeiongelesha, ndiyo. Simu yenyewe imesoma."

Wakacheka. Ila Haika alicheka kwa mdomo tu, maana alijua habari ya simu ile, na ilikuwa bado haijawa habari ya kumsimulia jirani.

Godlisten Lyimo ni mtu wa Kilema, Kilimanjaro, mtoto wa mwisho kwao. Alikuja Uingereza angali kijana, akajiunga na jeshi la huko kama walivyojiunga vijana wengine wa nchi zilizowahi kuwa chini ya Mwingereza, akawekwa kwenye malori. Aliipenda ile kazi. Wapo wanaopenda jeshi kwa ajili ya bunduki. Yeye alilipenda kwa sababu kila kitu kilikuwa na mahali pake, spana hapa, buti pale, huyu mbele, yule nyuma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake mara mbili. Walipooana bado alikuwa anavaa sare. Ijumaa Haika alimngojea nje ya stesheni ya Seven Sisters, na kabla hata hajamwona alisikia harufu yake, dizeli na kiwi ya viatu.

Kisha baba yake akafariki. Haika alikuwa na mimba ya Lorraine, mimba yenye matatizo, daktari akamkataza kusafiri. Kambi ikampa Godlisten ruhusa, akaenda peke yake.

Sasa, Uchagani nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho. Wakubwa hujenga kwao, yeye hubaki. Kwa hiyo msibani ndiye anayekaa mlangoni pa marehemu kupokea watu, na haondoki mpaka matanga yaanuliwe. Na mtu aliyekaa pale hasumbuliwi. Haendi sokoni, hahangaiki na michango, hashiki simu. Simu yake anaishika mkubwa wake. Kwa upande wa Godlisten mkubwa ni Cosmas, kaka yao wa kwanza, ambaye siku ile ile alinyosha mkono akasema, "Lete hiyo, mdogo wangu. Wewe mlilie baba." Godlisten akampa. Nani angekataa? Cosmas akaitia mfukoni mwa koti, akateremka nayo nyumbani kwake ng'ambo ya mto, ambako kuna umeme wa uhakika.

Mazishi yakasogezwa mbele kumsubiri dada yao aliyekuwa njiani kutoka mbali. Ruhusa ikaisha. Kambi ikapiga simu. Cosmas akapokea kwa adabu zote, akasema kwa Kiingereza chake cha shule kwamba mdogo wake amefiwa, wataongea naye baada ya matanga, na asanteni kwa kumkumbuka. Wakapiga tena, akasema tena yale yale. Aliwaona ni watu wa kazini kama watu wa kazini popote: wakishaambiwa kuna msiba, wanasubiri.

Hata Haika mwenyewe alipompigia mumewe aliipata sauti ya Cosmas. "Shemeji, hajambo, anakula vizuri. Mtaongea matanga yakishaanuliwa." Akaridhika. Walipokuja askari wawili wa kambini kugonga mlango wake Tottenham, aliwaambia vivyo hivyo, kwa upole, mkono ukiwa juu ya tumbo: yuko kwenye msiba, akimaliza atakuja. Hakuona ajabu yoyote. Kwao angefiwa yeye, ingefanyika hivyo hivyo.

Godlisten aliporudi, kikosi chake kilikuwa kimeshasafiri kwenda mazoezini nje ya nchi bila dereva wao. Akasimamishwa mbele ya mkubwa wa kambi, akaulizwa kwa nini. Akainamisha macho kwenye buti zake, kama mtu anavyoinamisha macho akikaripiwa na mzee. Angesema nini? Kwamba yeye, mwanaume na askari, kaka yake alimchukulia simu? Na angemtajaje Cosmas kwa ubaya, Cosmas aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto mvua zikinyesha ili asikose shule? Wenyewe wakaona mtu asiyejuta. Wakaandika kwamba alitoroka kwa kupenda mwenyewe na hafai kuendelea. Wakamwachisha.

Tangu hapo simu haikumtoka mkononi.

Akapata kazi Stratford, chini kabisa ya yale maduka makubwa, ambako wanunuzi hawafiki: kupakua mizigo na kuisukuma kwenye vitoroli virefu vya chuma. Haikuwa kazi ya aibu. Ila kila Jumapili jioni alikaa kwenye kingo ya kitanda akapiga viatu kiwi, viatu ambavyo kesho yake hakuna atakayevikagua, na Haika alijifunza kutomsemesha wakati ule.

Wangeendelea hivyo, lakini mwaka huu kampuni ya kina Haika ikatangaza kwamba inapunguza watu. Kibali cha Haika kukaa nchini kilining'inia kwenye kampuni hiyo, na kibali cha mume na mtoto kilining'inia kwenye chake. Hapo ndipo walipokwenda kumwona Varsha, wakili anayetoa ushauri Alhamisi katika ukumbi wa kanisa, mama wa Kihindi mwenye miwani na kikombe cha chai kisichoisha. Varsha akawaeleza kwamba lipo jopo linalopitia upya maombi ya askari walioachishwa vibaya. Sababu ile ikibadilishwa, Godlisten ataweza kuomba ukaazi wa kudumu kama askari aliyeondoka kwa heshima, yeye na familia yake. Isipobadilishwa, basi wamwombe Mungu kampuni isimfikie Haika.

Habari ya simu aliitoa Haika, si Godlisten. Varsha aliweka kikombe chini. "Kwa nini hukusema haya tangu mwanzo?"

"Hawakuniuliza habari ya simu," Godlisten akajibu.

Cosmas alipoombwa awe shahidi kwa njia ya video alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe akapiga.

"Mdogo wangu! Kesho nawaeleza hao wazungu mpaka waelewe."

"Kaka, wewe jibu tu unachoulizwa."

"Ati unanifundisha kuongea? Misiba ya ukoo huu kaisimamia nani?"

Haika akasogeza kichwa kwenye simu. "Shemeji, tunakuomba tu uongee polepole."

"Mama Lorraine, ondoa wasiwasi. Suti nimeshaianika, naftalini imetoka yote."

Asubuhi Godlisten alivaa suti nyeusi, ile moja aliyonayo. Lorraine akamtazama kutoka chini mpaka juu, akamuuliza kwa Kiingereza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Twende ukakae kwa anti."

Restuta, aliyekuwa ameshaambiwa yote kwa sababu mtu hawezi kuachiwa mtoto siku nzima bila kuambiwa, alimpokea Lorraine mlangoni akiwa bado na kilemba cha kulalia. "Nendeni salama. Na wewe Mangi mwenye duka, leo usiwauzie rejareja. Sema yote." Halafu akamshika Haika mkono, akaubana, na hakutania tena.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, na dirishani anga ilikuwa rangi ya maji ya kufulia. Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti mwenye sauti ya chini, mwanamume aliyekuwa akiandika tu, na mwanamke mwenye mvi zilizonyolewa fupi, ambaye Varsha alinong'ona kwamba naye alikuwa askari. Pembeni alikaa mkalimani, kijana wa Mombasa. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na ndani ya skrini, karibu mno na kamera, uso wa Cosmas. Nyuma yake Haika aliutambua ukuta wa sebule ya baba mkwe, picha ya marehemu ikiwa imevishwa ua la plastiki.

"Poleni na kazi," Cosmas akawaambia. Mkalimani akafikiri, mwishowe akawaambia tu habari za asubuhi.

Alitoa ushahidi vizuri. Kila alichoulizwa na Varsha alijibu, na hata mwanamume aliyekuwa akiandika aliacha akasikiliza. Ndiyo, simu aliishika yeye. Ndiyo, kambi ilipiga, akapokea yeye.

"Ulimwambia mdogo wako kwamba wanamtafuta?" Varsha akauliza.

"Sikumwambia. Mfiwa habebeshwi mambo ya kazi. Nilipanga nimwambie akishamaliza."

"Kwa hiyo yeye hakujua?"

"Angejuaje, na simu iko kwangu?"

Varsha akaketi, na Haika akaona mabega yake yameshuka kwa nafuu. Mwenyekiti akamuuliza shahidi kama angependa sasa kupumzika, wamkatie mawasiliano.

"Mimi ni mkubwa wake," Cosmas akasema. "Nabaki mpaka amalize."

Laiti wangeizima skrini ile. Haika alikuja kulifikiria hilo mara nyingi, akiwa anamvisha soksi bibi kizee wa watu, akiwa kwenye foleni ya basi. Laiti mtu mmoja angenyosha kidole akaizima.

Yule mwanamke mwenye mvi akamgeukia Godlisten. Hakuwa na ukali. "Bwana Lyimo, nataka nikuelewe, kwa sababu maelezo ya zamani yanasema ulichagua kutorudi. Niambie wewe mwenyewe. Kaka yako alikosea kukuficha kwamba kikosi kinakutafuta?"

Neno lililotakiwa lilikuwa ndiyo. Varsha alikuwa amewafundisha kule ukumbini: wakiuliza hivyo, sema ndiyo, tena usiongeze kitu. Haika akalisema kimoyomoyo, kama anavyomsemea Lorraine maneno ya sala.

Kwenye skrini Cosmas aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, akingoja tafsiri. Godlisten akainua macho akamtazama kaka yake. Halafu akayainamisha kwenye viatu vyake vinavyong'aa.

"Kaka hakunikosea," akasema.

"Basi aliyekosea ni nani?"

"Askari nilikuwa mimi."

"Ungeweza kuiomba simu yako?"

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuiomba?"

Mwanamke alingoja, kwa haki alingoja sana, hata mkalimani akaanza kutazama mezani. Kisha yule mwanamume akarudi kwenye kuandika.

Maneno yalipomfikia Cosmas kwa Kiswahili, uso wake ulijaa skrini nzima kwa furaha. "Mmemsikia?" akawaambia jopo. "Huyo ndiye mdogo wangu. Baba angekuwepo angefurahi."

Nje kwenye korido Varsha alipanga makaratasi yake kwenye mkoba, akayatoa, akayapanga upya. "Neno moja," akasema bila kumtazama mtu. "Lilikuwa neno moja tu, Godlisten."

"Samahani, mama."

Walirudi na basi la ghorofa, juu, kiti cha mbele. Mvua ilikuwa inapiga kioo kwa ubavu. Walipofika Shoreditch Haika akashindwa kujizuia.

"Ulimwona kaka yako. Mimi niliyekaa nyuma yako hukuniona."

"Nilikuona."

"Na Lorraine? Naye ulimwona? Tukirudishwa ataenda kumwambia nani hicho Kiingereza chake?"

"Haika, ulitaka nimwambie nini? Pale, ananiangalia, picha ya baba nyuma yake? Kwamba siku za kumzika baba alichonifanyia ni kuniharibia maisha?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Godlisten aligeuza simu kiganjani, akaigeuza tena. "Na wewe alikuambia subiri mpaka baada ya matanga," akasema taratibu. "Ulisubiri."

Hakusema kwa kumshtaki. Alisema kama mtu anayekumbuka hali ya hewa ya siku fulani. Lakini Haika aligeukia dirisha. Aliwaona tena wale askari wawili mlangoni pake, kofia mkononi, mmoja mdogo kabisa ana chunusi. Wangeuliza nini zaidi, na angewajibu nini zaidi? Namba ya Cosmas alikuwa nayo. Angeweza kupiga akasema, shemeji, mpelekee simu sasa hivi. Angeweza. Halikumjia hata akilini.

Jibu lilikuja majuma kadhaa baadaye, mchana, Godlisten akijiandaa kwenda shifti ya jioni. Simu ililia mara moja. Alisimama wima kuongea, kama kawaida yake. Ndiyo, alisema. Ndiyo, nimeelewa. Asante, Varsha, umejitahidi sana.

"Imebaki," akamwambia Haika.

"Imebaki vipi?"

"Kama ilivyokuwa. Wamesema wanautambua msiba, lakini mwenyewe nilikiri ningeweza kuiomba simu. Kwa hiyo imebaki."

Haika alikuwa amepanga maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo. Alimtazama mumewe, shati likiwa halijafungwa vifungo, akayakosa yote. Godlisten akaiweka simu mezani kifudifudi, karibu na bakuli la uji la mtoto, akaingia bafuni. Maji yakasikika. Ilichukua muda Haika kutambua alichokuwa anakitazama pale mezani.

Simu ikalia. Ikatetemeka mpaka ikagusa bakuli. Picha ya Cosmas ikatokea, yumo ndani ya suti ile. Ikakatika. Ikalia tena.

Haika akaichukua.

"Mdogo wangu!"

"Ni mimi, shemeji. Anaoga."

"Ah, Mama Lorraine! Basi nambie wewe, si wamejibu? Mimi huku kila anayenisalimia namwambia, niliwaeleza wale wazungu wakabaki wananiangalia. Mama ananisumbua kila siku, anataka kujua tuchinje lini."

Sasa maneno yalikuja. Yalikuja yote kwa pamoja, yamejipanga: ni wewe, shemeji, ni koti lako, ni mfuko wako, na huo ushahidi unaousimulia kwa majirani haukutuokoa, na mtoto wangu huenda akaanza shule ambapo hataelewa hata anachoambiwa. Hakuna aliyemzuia. Alivuta pumzi.

Bafuni maji yalikuwa yamefungwa. Chini ya mlango, pale mwanga unapopenya, vilionekana vivuli vya nyayo mbili zimesimama, hazisogei.

"Bado, shemeji," Haika akasema. "Bado wanafikiria."

"Wanafikiria nini muda wote huo?"

"Sijui. Si unawajua hawa watu, mambo yao taratibu."

"Haya. Mwambie asivunjike moyo. Na wakitaka nirudie kuwaeleza, suti ipo."

"Nitamwambia."

"Baba Lorraine ni kijana mzuri sana, shemeji. Mtunze."

"Nitamtunza, shemeji. Msalimie mama."

Godlisten alitoka na taulo kiunoni. Haika akamnyoshea simu yake. Hakuipokea. Alikaa kwenye kingo ya kitanda, pale anapopigia viatu kiwi, maji yakimtiririka mgongoni, na Haika akaketi karibu naye bila kumfuta.

Lorraine aliingia mbio na mdoli wake, akaiona simu ya baba mkononi mwa mama, akasimama. Halafu, kwa sauti ya mtu anayejaribu bahati, akauliza kwa Kiingereza kama leo anaweza kuangalia katuni kwenye ya Daddy.

Haika alimtazama mumewe.

"Mpe," Godlisten akasema.

Mtoto akajikunja sakafuni chini ya dirisha lenye ukungu, uso wake ukang'aa buluu. Simu ikatetemeka mkononi mwake, ikatetemeka tena, ujumbe wa kazini au wa kanisani, mtu gani sijui. Lorraine akausukuma kando kwa kidole akaendelea na katuni zake, na kule kitandani hakuna aliyenyanyuka.